Mlekwa Anyimwa Ruhusa ya Kufa

Ilikuwapo nchi, na kwa mujibu wa sheria ingalipo, iitwayo Kwelini. Msiitafute kwenye ramani. Ramani zilichorwa kabla ya Mnyororo, na kitu kisichomo ndani ya Mnyororo sisi hatukitambui. Mimi ni raia mwaminifu wa nchi hiyo. Ninayoyasimulia hapa si malalamiko, Mungu apishie mbali. Ni pongezi, ila zimekuwa ndefu kidogo.

Nianze na asili yake, maana kitabu cha darasa la nne kinasema Mnyororo ulishuka kutoka mbinguni, nami sikipingi, lakini nilikuwapo. Uliundwa na vijana fulani waliokuwa wakikutana nyuma ya duka la kinyozi. Vijana hao walikuwa wamechoka. Ukiandika neno mtandaoni asubuhi, mchana limefutwa, jioni umefutwa wewe mwenyewe. Wakabuni jumuiya yao ya kupiga soga, kwa kitu walichokiita blokucheni. Neno la mtu linanakiliwa katika simu ya kila mwanachama, kisha linafungwa na neno lililotangulia na litakalofuata, hata mkubwa akitaka kulifuta itambidi azifuate simu zote nyumba kwa nyumba. Hakuna mwenyekiti, hakuna mhariri. Wengi wakisema "Kweli", basi, neno limekuwa kiungo na litakaa hapo mpaka kiama. Vijana wakakumbatiana. Wakasema ukweli sasa umepata kwao.

Serikali ilipopata habari haikukasirika hata kidogo, watu wanaisingizia tu. Ilikaa kimya ikafikiri, jambo ambalo lilitutia wasiwasi kwa kuwa hatukulizoea, ikajiuliza: kama kuna mahali neno likiandikwa halifutiki, mbona maneno yetu hayapo hapo? Ikawaalika wale vijana Ikulu wanywe chai. Hawajaimaliza chai hiyo mpaka leo.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Kila raia akaandikishwa na kupewa simu. Kiungo cha kwanza kabisa cha Mnyororo wa Taifa kilisema: "Kiongozi wetu ndiye mwanzo wa kila kitu." Tukaitikia "Kweli", na tangu siku hiyo Rais akaitwa Mtukufu Kiungo wa Kwanza. Kwa kuwa wengi wetu tunaona uvivu kuandika, simu zikatiwa masikio. Watu wakiwa pamoja, mmoja akasema jambo, wengi wakajibu "Kweli", simu zinasikia zenyewe, zinalia "tri!", na jambo limekuwa kweli.

Siku ya uzinduzi Waziri wa Ukweli wa Kudumu, Mheshimiwa Profesa Daktari Injinia Kasunzu, alipanda jukwaani akiwa na jasho la furaha.

"Ndugu wananchi! Zamani ukweli ulikuwa mali ya wachache waliokwenda kuangalia! Leo ukweli ni wa wengi! Wengi wakisema jiwe ni mkate, kazi ya jiwe ni kulainika!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kuna mzee mmoja karibu yangu aliyeuliza meno yake yatafanya nini wakati jiwe linajiandaa. Watu wa namna hiyo wapo kila nchi.

*

Basi, mtaani kwetu aliishi Mlekwa, mshona magodoro ya sufi. Alikuwa mtu wa maneno machache na sindano ndefu. Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Walikaa miaka mingi wakigombana asubuhi na kucheka jioni, na godoro la kila bibi harusi wa mtaa ule lilitoka mikononi mwao. Alfajiri moja Mlekwa akashika kifua, akasema "Sikudhani, hebu," na hakumaliza alichotaka kusema.

Mnajua desturi, lakini nitaisema kwa ajili ya wageni. Kwelini kuna Wakilimani na Wabondeni, nao ni watani tangu enzi za mababu. Walipigania nini zamani hakuna anayekumbuka. Akifa Mkilimani, Mbondeni hana ruhusa ya kukaa kona moja na kusikitika. Lazima asimame mbele ya jeneza amseme marehemu, amvunjie heshima, aseme uongo mkubwa kadiri tumbo lake linavyoweza kuubeba. Na nyinyi mlio msibani kazi yenu ni moja tu, kuitikia "Kweli!" Hata akisema marehemu alizaliwa na mkia, ni "Kweli!" Mfiwa hucheka hata asipotaka, na kifua chake hupata pumzi.

Mlekwa alikuwa Mkilimani. Mtani wake wa kufa na kuzikana alikuwa Bwana Tindwa, muuza barafu, Mbondeni wa damu. Tulipokuwa tumekusanyika uani, jeneza liko tayari, Bi Sikudhani kakaa mkekani hana hata sauti, Tindwa akaruka katikati na kanga ya kike kiunoni.

"Shusheni hilo jeneza! Nani kawadanganya huyu kafa? Mimi namjua! Kashona godoro jipya la sufi, sasa analijaribu kama linalalika! Mlekwa, amka, mvivu we! Kesho ni zamu yako kuzibua mtaro! Jamani, huyu hajafa!"

"Kweli!" tukaitikia wote, na mimi nikiwamo, kwa sauti ya kutoka tumboni.

Bi Sikudhani alicheka. Alicheka machozi yakimtiririka, akampiga Tindwa kwa ncha ya kanga, akasema, "Mshenzi mkubwa wewe." Nilimwona jinsi mabega yake yalivyoshuka. Ndiyo kazi ya utani.

Halafu simu zetu zote, mifukoni, vifuani, kwenye mikoba, zikalia kwa pamoja. Tri! Sauti ya kike yenye adabu ikasema: "Kiungo kimethibitishwa. Mlekwa hajafa. Ahsanteni kwa kushiriki."

Tulipofika makaburini lango halikufunguka. Lango lilikuwa jipya, la kisasa, lisilo na mlinzi wa kumbembeleza, linafunguka kwa amri ya Mnyororo peke yake. Likatutangazia kwamba kumzika mtu aliye hai ni kosa la jinai na kwamba kwa leo tunaonywa tu.

*

Kesho yake Bi Sikudhani alikwenda kwa Afisa Mnyororo wa Mtaa, kijana aitwaye Eliudi, mwenye tai na feni yake mwenyewe. Tindwa alimfuata nyuma akisukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni, chini ya shuka, alikuwamo Mlekwa. Sisi majirani tulisimama dirishani, si kwa umbeya, ila kwa kushirikiana.

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

"Mwanangu, mume wangu amefariki. Naomba kumzika."

Eliudi akatazama kioo chake cha Mnyororo, uso ukang'aa. "Hongera sana mama! Mumeo mzima wa afya."

"Yuko hapo nje kwenye mkokoteni. Toka umtazame."

"Mama yangu," alisema Eliudi kwa upole, "nikianza kutoka nje kutazama vitu kwa macho, Mnyororo utakuwa na kazi gani?"

Tindwa akashindwa kuvumilia, akaingiza kichwa. "Mwanangu, kosa ni langu. Ni mimi niliyesema. Nilikuwa namtania."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Utani! Kwani babu yako hakuwa na watani?"

"Mzee, hapa nina kitufe cha Kweli na kitufe cha Si Kweli. Cha utani hakijaletwa."

"Basi futa," akasema Bi Sikudhani.

Eliudi alishtuka kama aliyetukaniwa mama yake. Akaeleza kwamba kufuta hakuna, ndio uzuri wenyewe wa Mnyororo, ndiyo sababu mataifa yanatuonea wivu. Kuongeza kupo. Inaweza kuongezwa taarifa mpya kwamba Mlekwa amekufa, ila kwa kuwa siku za mwanzo watu walikuwa wakiuana ovyo mtandaoni kwa chuki na wivu, taarifa ya kifo sharti ikubaliwe na mhusika mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watu.

"Mlete tu aseme 'Kweli'. Neno moja, mama. Serikali imeondoa urasimu."

Bi Sikudhani akaisogelea meza. "Mwanangu, sitaki cheti, sitaki rambirambi ya serikali. Nataka nimweke mume wangu chini, nimlilie. Basi. Sina jingine."

Sauti yake ikakatika, machozi yakaanza. Eliudi akainua kidole haraka. "Mama, tafadhali! Kumlilia mtu aliye hai ni kueneza habari za uongo. Nitalazimika kukushtaki, na mimi sipendi."

Bi Sikudhani akayameza machozi yake. Niliona koo lake likiyameza, na hasira ilinipanda mpaka nikaizima kwa kukumbuka maendeleo tuliyoyapata.

Tindwa hakuondoka mlangoni. "Hebu nieleweshe, afisa. Mtu akisema kwa kinywa chake kwamba amekufa, na watu wakaitikia, inakuwaje?"

"Amekufa."

"Hata kama anasimama hapo anatafuna karanga?"

"Mzee, hata kama anacheza mpira."

Tindwa akakuna kichwa, akashukuru, akaukamata mkokoteni wake.

*

Hospitali ilimkataa Mlekwa. Chumba cha maiti kilisema hakipokei watu hai, na wodi ikasema hana homa. Mwishowe Tindwa akampeleka kwenye kiwanda cha barafu anakochukulia bidhaa yake, akambembeleza mwenye kiwanda, na Mlekwa akapata nafasi kati ya vipande vya barafu vya wauza samaki. Kila siku Tindwa alimshika mkono kumsalimia. Utani ulimwisha kabisa mdomoni mwake. Alikuwa akinong'ona, "Nisamehe, Mlekwa, nisamehe, ndugu yangu," na kwa Bi Sikudhani hakuthubutu kuinua macho.

Sisi majirani tulifanya yote yanayoruhusiwa. Tulipeleka unga, maharage na kuni, tukasema ni zawadi tu. Wanawake walikaa mkekani na Bi Sikudhani, na badala ya kumwambia "pole" walimwambia "hongera", maana simu zilikuwa zinasikiliza. "Hongera shoga yangu." "Hongera dada." Kila alipoambiwa neno hilo Bi Sikudhani aliitikia kwa kichwa, macho makavu, godoro ambalo Mlekwa aliliacha limeshonwa nusu likiwa limesimama ukutani nyuma yake. Kuna jirani aliyejisahau akasema pole. Aliitwa ofisini, akaenda kusisitiza kwamba alikuwa anamaanisha mwendo.

Sasa hapa ndipo utakapoona kuwa Mnyororo una akili kutuzidi. Kila raia wa Kwelini ana alama za utulivu. Ukilalamika bei ya sukari, zinapungua. Ukiguna wakati wa hotuba, zinapungua. Ukipiga chafya kwa namna ya dharau, zinajadiliwa. Basi wakati sisi tunapoteza zetu kwa maneno ya ovyo, kulikuwa na raia mmoja ambaye hakulalamika, hakuguna wala hakupiga chafya. Wiki hadi wiki alipanda, akawapita wakuu wa mikoa, akawapita majenerali, akampita Waziri mwenyewe, ambaye wanasema hulalamika usingizini. Mlekwa akatangazwa Raia Mtulivu Kuliko Wote. Mtukufu Kiungo wa Kwanza angekuja mwenyewe kumvisha nishani.

Waziri Kasunzu alikuja mtaani kwetu kuandaa sherehe. Bi Sikudhani akamwambia wazi, mbele ya watu, kwamba mshindi ni maiti.

Waziri akatabasamu. "Mama, nani kati yetu asiyekuwa na kasoro ndogondogo?"

*

Uwanja ulifurika. Mlekwa aliletwa jukwaani amelala juu ya godoro lake la sufi, amefunikwa bendera hadi kidevuni, na chini ya godoro kulifichwa barafu iliyokuwa ikidondoka taratibu kwenye zulia jekundu. Bi Sikudhani alikalishwa kiti cha mbele na kuagizwa atabasamu. Alijitahidi. Sitaki kuikumbuka sura ile.

Mtukufu Kiungo wa Kwanza alihutubia kwa kirefu. "Mtazameni Mlekwa! Je, aliomba maji? Hakuomba! Aliomba umeme? Hakuomba! Aliuliza fedha za barabara ziko wapi? Hakuuliza! Huyu ndiye raia wa kesho! Nina ndoto ya siku ambayo nchi nzima itakuwa kama Mlekwa!"

Tulishangilia. Hakuna aliyesema ndoto hiyo imebakia kidogo tu kutimia.

Kisha, kwa kuwa makofi humlewesha mtu kuliko pombe, akaanza kujidai mtu wa watu. Yeye ni Mkilimani, nchi nzima inajua. Akaita: "Watani zangu Wabondeni mko wapi? Mbona mnaniogopa? Njooni mnitanie! Mimi sikasiriki!"

Tindwa alikuwa amesimama tayari. Alipanda jukwaani na kanga ile ile kiunoni. Kwanza aliuinamia mwili wa Mlekwa, akamshika mkono. Kisha akamshika mkono Mtukufu, akaruka nyuma akipiga ukelele.

"Jamani! Mimi muuza barafu, baridi naijua kwa kiganja! Mkono wa Mlekwa una baridi, lakini huu umezidi! Mlekwa anaonewa bure, aliyekufa ni huyu! Kafa zamani! Kinachotembea hapa ni suti, inashikiliwa na walinzi! Mtu aliye hai asingesikia watoto wanavyolia njaa? Asingenusa mtaro wetu? Mtani, usitufiche sisi ndugu zako, si umekufa wewe?"

Mtukufu alikuwa anatazamwa na mabalozi, na kumkasirikia mtani ni aibu ambayo hata mwendawazimu haitaki. Akacheka. Alicheka mpaka nishani zikagongana kifuani.

"Kweli, mtani!" akasema kwenye kipaza sauti. "Kweli kabisa! Nimekufa mimi!"

"KWELI!" tukaitikia, uwanja mzima. Naapa sijawahi kuitikia vile.

Tri!

Bendera zikaanza kushuka zenyewe nusu mlingoti. Simu zikaanza kuimba nyimbo za msiba. Kipaza sauti kikajizima, kwa kuwa marehemu hayumo katika ratiba ya wahutubiaji. Waziri Kasunzu alisoma simu yake, akapauka, kisha rangi yake ikarudi ikiwa nzuri kuliko ya mwanzo. Akavua kofia.

"Ndugu wananchi, ni kwa masikitiko makubwa..."

"We Kasunzu, una wazimu?" Mtukufu alipiga kelele. "Mimi nipo hapa!"

"Marehemu," alisema Waziri, akijifuta chozi ambalo halijatoka, "nakuomba uwe mtulivu. Usituharibie msiba wako."

Walinzi wakatazamana, wakasogea pembeni. Mlinzi wa mtu aliyekufa halipwi. Na habari za Mtukufu nizimalizie hapa hapa: mpaka leo ukipita ofisi ya Eliudi utamkuta kwenye benchi, suti imepauka, anamwomba kila anayepita amwitikie. "Ndugu, si unaniona? Si mimi hai?" Watu humtazama kwa huruma, husema, "Mzee wangu, sisi mambo ya teknolojia hatuyajui," huenda zao. Eliudi humletea maji. Kasunzu sasa anaitwa Mtukufu Kiungo wa Pili, na alama zetu za utulivu zimeongezwa makali.

*

Lakini nilikuwa nasimulia habari za msiba. Sheria ya mazishi ya kiongozi hujitekeleza yenyewe. Jioni ile ile lango la makaburi lilifunguka kwa mapana yake yote, askari wakachimba kaburi, mizinga ikapangwa, jeneza la mninga likaletwa. Kilichokosekana ni mtu wa kulijaza. Marehemu alikataa katakata kuingia, akionyesha ubinafsi ule ule aliotuonyesha katika utawala wake. Na sheria ilisema jeneza tupu halishuki, na ngoma haziruhusiwi kunyamaza mpaka jeneza lishuke. Wapiga ngoma walikuwa wameanza kulegea. Eliudi, msimamizi, alikuwa akizunguka na tai begani, karibu kulia.

Bi Sikudhani akasimama kando ya mkokoteni wa Tindwa, ambako Mlekwa alikuwa bado kalala juu ya godoro lake. "Mwanangu, mimi ninaye mmoja."

Eliudi akatazama kioo chake. "Mama, huyo ni mzima."

"Ni mzima kwa Mnyororo. Na yule anayegombana na askari kule, kwa Mnyororo, ni maiti. Haya, wewe niambie. Nani kati yao atalala humu bila kupiga teke?"

Kijana yule akafanya jambo ambalo sikutegemea: akakizima kioo, akatembea hadi kwenye godoro, akamtazama Mlekwa kwa macho yake mawili.

"Mwingizeni," alisema. "Na pole, mama."

Simu yake ikalia. Hakuijibu.

Basi Mlekwa, mshona magodoro, akazikwa kwa mizinga ishirini na moja. Sheria ya maombolezo ya taifa inamtaka kila raia alie kwa sauti, na Bi Sikudhani akalia. Alilia yale yote aliyokuwa ameyameza, akapiga ardhi kwa viganja, akamwita mumewe kwa jina lake la utotoni ambalo hatukuwahi kulisikia. Sisi wote tulilia naye, na mara hii hakuna aliyekuwa akitii sheria.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Tindwa akasogea kaburini. Tulimwona akifunga kanga vizuri kiunoni. Alimtazama Bi Sikudhani kwanza, kuomba ruhusa, naye akatikisa kichwa kukubali.

"Mlekwa," alisema Tindwa. "Mvivu we. Umepata kitanda cha Rais. Haya, lala sasa. Safari hii umelala kweli."

Desturi ilitaka tuitikie. Hakuna aliyefungua mdomo. Tulikuwa tumebana midomo yetu kwa mikono, watu wazima na ndevu zao, tukiogopa neno hilo moja ambalo mababu zetu walilisema bila hofu kila msiba.

Bi Sikudhani alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kweli," alisema.

Neno hilo halimo katika Mnyororo. Mama yule alikuwa ameiacha simu yake nyumbani, juu ya godoro lililoshonwa nusu.